Bibi Sabuni Ameacha Mtoto

Kabla ya tarehe na mahali, familia ya marehemu Mzee Lukasi wa Mabwerebwere inawaomba nyote mliofika hapa Mikumi leo, Ijumaa ya tarehe 14 Mei 1999, mkunje ile karatasi mliyogawiwa mlangoni na kuitia mfukoni. Picha iliyo juu yake ni ya Bibiana kweli, na nyimbo ni zile alizozipenda. Ila wasifu uliochapwa ndani umeandikwa na shemeji yake, Cosmas, bila kumuuliza mtu, na mstari wake wa mwisho unasema marehemu "hakubahatika kupata mtoto". Huo ni uongo. Umechapwa vizuri, lakini ni uongo, na mtoto mwenyewe yuko hapa, naye amegawiwa karatasi hiyo. Huu unaosomwa sasa na Gaudiosa, mdogo wake aliyezaliwa naye tumbo moja, ndio wasifu wa Bibiana Lukasi, na ndio utakaochapwa kwa misa ya arobaini.

Bibiana alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika kota za reli mjini Kilosa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Mzee Lukasi, aliyekuwa fundi wa njia ya reli, na mkewe Mama Sesilia. Wazazi wote wawili wametangulia. Baada ya baba kustaafu, familia ilihamia Mabwerebwere, wakajenga na kufuga mbuzi wachache. Hao mbuzi ndio waliomharibu Bibiana, kwa maneno ya mama yake, maana alikuwa akitumwa maji anakutwa amechuchumaa bandani akimtazama mbuzi anayelamba mwanawe. Akiulizwa ndoo iko wapi, anajibu kwa kuuliza mbuzi amejuaje kwamba huyu ndiye wake.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Kilosa kuanzia mwaka 1955, akaendelea na sekondari Morogoro, akamaliza kidato cha nne mwaka 1966. Wenzake wengi walikwenda ualimu na uuguzi. Yeye alikwenda chuo cha mifugo, na baba yake hakusema naye kwa muda, akiona aibu binti yake kuvaa mabuti ya mpira. Alihitimu stashahada mwaka 1970. Mwalimu wake wa uzazi wa wanyama, Mwalimu Filipo, ndiye aliyemfundisha lile jambo ambalo Bibiana alilisimulia hadi watu wakalikariri. Panya jike aliyetoka kuzaa huwakubali watoto papo hapo, kwa sababu homoni, yaani ule ujumbe ambao mwili hujitumia wenyewe kupitia damu, zilianza kumwandaa wakati wa mimba. Lakini panya jike ambaye hajawahi kuzaa ukimwekea watoto wa mwingine, siku za kwanza anawakimbia. Anawafukia kwa majani, na wengine huwauma. Waache naye humo humo, ukiwabadilisha kwa wengine walioshiba ili wasife kwa njaa, na baada ya kama wiki moja utamkuta amewakusanya kifuani anawalamba. Huyo hakuandaliwa na mimba yoyote, ameandaliwa na watoto wenyewe. Lishikeni hilo la panya, maana wasifu huu utalirudia.

Aliajiriwa mwaka huo huo katika shamba la mifugo la serikali nje ya mji wa Kilosa, akawa bibi mifugo wa kwanza mwanamke pale. Kuna wengi hapa mnamjua kwa jina la Bibi Sabuni, na wengine mnadhani alikuwa akiuza sabuni. Jina hilo alilipata mwaka 1974. Wageni wa wizara walikuwa wanakuja, mbuzi wanazaa, na Bibiana, kijana mwenye cheti chake na kiburi chake, akaamuru kila mtoto wa mbuzi akianguka tu aogeshwe kwa maji ya moto na sabuni, apendeze. Watoto walipendeza sana. Mama zao waliwanusa, wakarudi nyuma, wakawapiga pembe. Banda zima likawa kilio. Wageni walifika wakamkuta bibi mifugo amemkumbatia mbuzi shingoni, amelowa mkojo, anamlazimisha anyonyeshe. Beda, mkamuaji aliyekuwa naye siku hiyo na ambaye yuko hapa, alimwambia, "Bibi, umewaosha hadi jina."

Beda alikuwa anatania tu, lakini ndivyo ilivyokuwa, na Bibiana alikumbuka kwa uchungu kwamba somo hilo Mwalimu Filipo alilifundisha mchana wa joto, yeye akisinzia. Mbuzi anapozaa, kule kutanuka kwa njia ya uzazi hupeleka habari kichwani, na homoni iitwayo oksitosini humwagika humo. Kwa saa chache pua ya mama iko wazi kabisa. Yale maji ya uzazi, ambayo siku nyingine yanamchukiza, siku hiyo anayatafuta kwa ulimi. Akiwa anayalamba anajifunza harufu ya mwanawe, kisha mlango unafungwa, na mtoto mwingine akija anapigwa pembe. Bibiana aliwaosha watoto kile ambacho mama zao walikuwa wanakitafuta. Hakuwahi kuificha hadithi hii. Kila mwanafunzi aliyeletwa shambani kwa mafunzo aliisikia siku ya kwanza, na baada ya hapo hakuna yatima wa mbuzi aliyekufa kizembe mikononi mwake. Alisubiri jike mwingine azae, akampaka yatima yale maji mwili mzima, akamlaza chini ya pua ya yule mama. Ikishindikana, alikuwa na njia nyingine ya kuuhadaa mwili wa mbuzi uamini kwamba unazaa tena, ambayo mbele ya Padre haielezwi.

Alifunga ndoa takatifu tarehe 8 Novemba 1975 na Ditram Ndunguru, fundi wa magari makubwa hapa Mikumi, mtoto wa wazazi waliokuja kukata mkonge Kimamba. Ditram alikuwa mtu mpole na alimpenda mkewe waziwazi, jambo lililowaudhi baadhi ya ndugu zake. Miaka ilipita bila mtoto. Maneno yakaanza, na aliyekuwa akiyatia moto ni mdogo wake Ditram, yule yule Cosmas. Alisema kaka yake ameoa mwanamke wa kupandisha ng'ombe, ndiyo maana tumbo limegoma. Alileta wasichana wawili kwa nyakati tofauti ili kaka yake achague. Ditram aliwapa wote wawili nauli ya kurudi kwao. Bibiana alisikia yote na alilia kwa yote, asidanganywe mtu kwamba alikuwa jiwe.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifariki Celestina, mke wa Pastory, mfugaji aliyekuwa amehamia jirani na shamba akitoka kanda ya ziwa. Alitokwa damu baada ya kujifungua mtoto wa kike, na gari halikupatikana kwa wakati. Pastory alikuwa mgeni, hana mama wala dada karibu. Alimbeba mtoto kwenye shuka hadi kwa bibi mifugo, kwa sababu alikuwa amemwona akiwapa yatima wa mbuzi mama. Alisimama mlangoni, akaamkia, akasema, "Nimesikia wewe unajua."

Maziwa ya kopo mwaka ule yalikuwa hadithi, maduka yalikuwa na rafu na vumbi. Bibiana alianza na maziwa ya mbuzi yaliyochemshwa na kuzimuliwa, lakini mtoto hakuongezeka. Ndipo alipofanya jambo lililozungumzwa Kilosa nzima. Alichukua mpira mwembamba waliokuwa wakitumia kuwalishia watoto wa mbuzi walio dhaifu, akauchemsha, akaubandika ziwani mwake, ncha ya pili ikiwa kwenye kikombe cha maziwa. Mtoto akawa ananyonya ziwa la mwanamke wa miaka thelathini na tisa asiyewahi kuzaa, huku maziwa ya mbuzi yakimteremkia kwenye mpira. Beda alimletea chupa ya oksitosini kutoka stoo ya shamba, akidhani anamsaidia. Bibiana aliirudisha. Alimweleza kwamba hiyo hushusha maziwa yaliyokwisha kutengenezwa, wala haitengenezi. Inayotengeneza ni nyingine, prolaktini, na hiyo mwili huitoa ukiona kinywa cha mtoto kinarudi na kurudi bila kukata tamaa. Watu walimcheka. Walimwita mchawi. Mke wa Cosmas alipita majirani akisema Bibiana amepotewa na akili, ananyonyesha mpira.

Ulipokaribia mwezi, matone yalitoka. Kisha yakawa maziwa. Hayakuwahi kumtosha mtoto peke yake, na uji na maziwa ya mbuzi viliendelea, lakini yalikuwa maziwa, na mtoto akashika mashavu.

Cosmas alimleta mama yao mzazi kutoka Kimamba, makusudi, aje alikemee jambo lile. Mama mkwe aliingia na hasira zake, hakuitikia hata shikamoo, akaketi mbele ya Bibiana akamtazama akinyonyesha. Alinyoosha kidole akafuta pembe ya mdomo wa mtoto, akakinusa, akakilamba. Kisha mama yule, Mungu amrehemu, akasema, "Mhamishie upande wa pili, huo ameshaumaliza." Alikaa hadi mtoto alipobatizwa, na jina la Salome alilitoa yeye, likiwa jina la mama yake. Pastory alimkabidhi mtoto mbele ya balozi wa nyumba kumi na katekista, akahamia mbali na mifugo yake, na kila mwaka baada ya mavuno alikuja kumsalimia binti yake na kumshukuru mama yake. Cosmas alikuwepo siku ya ubatizo. Alikula pilau.

Ditram alifariki kwa ajali ya barabarani tarehe 2 Februari 1993, na amelala hapa kando. Mwaka uliofuata shamba lilibinafsishwa. Tulikuwa tumeambiwa soko huria litaleta ufanisi, na mwekezaji alileta meneja ambaye ufanisi wake ulikuwa kumtenga ndama na mama yake siku anayozaliwa, kisha kumchoma kila ng'ombe sindano ya oksitosini kabla ya kukamuliwa, asubuhi na jioni. Ng'ombe walikuwa wanalia hadi sauti zinakauka. Bibiana alisimama kikaoni akaeleza kwamba ng'ombe huachia maziwa anapopata habari ya mwanawe, kwa kuguswa, kwa kunusa, na kwamba akitishwa mwili hufunga. Alionya kwamba anayechomwa kila siku huzoea, mwisho bila sindano hatoi kitu. Meneja akamuuliza kama anataka shamba au kituo cha kulelea watoto. Bibiana akamjibu, "Hiyo sindano ni habari ya ndama mliyoitia kwenye chupa. Mrudishieni ndama mwenyewe, mtapata maziwa na mtapata ndama."

Alipunguzwa kazi Juni 1996, baada ya miaka ishirini na sita. Sababu iliyotolewa ni kwamba anapinga mabadiliko. Ng'ombe aliowatetea walikuja kukauka mmoja mmoja wakauzwa kwa wachinjaji, na meneja alikuwa ameshahamia kazi nyingine. Hakuna aliyeulizwa.

Alihamia hapa Mikumi na Salome, katika nyumba aliyojenga na Ditram kando ya barabara kuu. Alifuga mbuzi nyuma ya nyumba na kuwatembelea wafugaji kwa baiskeli, na mama wengi waliopoteza nguvu ya kunyonyesha baada ya kuugua walimjia kimya kimya, akawasaidia. Kiwanja hicho walipokinunua kilikuwa pori la ngedere. Sasa malori ya Zambia yanalala hapo, nyumba za wageni zinaota kila upande, na ghafla Cosmas, ambaye hakuwahi kuleta hata tofali, amekumbuka kwamba kaka yake alikuwa na ukoo. Mtu asiye na mtoto hurithiwa na ukoo. Ndiyo siri ya ule mstari wa mwisho, nanyi mnaijua, ila mnaogopa kuisema msibani. Haya, imesemwa.

Mwezi wa nane mwaka jana Bibiana aliona uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Alipelekwa hospitali Morogoro na baadaye Dar es Salaam, akafanyiwa upasuaji, na ndugu yetu Gabrieli aliuza mashine yake ya kusaga ili matibabu yaendelee. Ugonjwa ulikuwa umeshatembea. Wakati dada yetu amelala hajiwezi, Cosmas alisema mbele ya watu, na baadhi yenu mlikuwepo mkanyamaza, kwamba ziwa lile limeoza kwa sababu lilinyonyesha kisichokuwa chake. Daktari alikuwa ameshaeleza kwamba kunyonyesha hakuleti ugonjwa huu hata kidogo. Bibiana aliletewa maneno hayo kitandani. Alimwita Salome, akamwomba amchane nywele, na alipomaliza akamwambia, "Hili ziwa lilifanya kazi yake. Usikubali mtu akuambie vingine." Alifariki Jumanne tarehe 11 Mei 1999 saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Sasa hili la mwisho, na atakayekasirika akasirike. Kila mtu hapa anajua mtoto wa marehemu anakaa wapi msibani. Anakaa kwenye mkeka, analetewa maji, anashikwa mkono. Salome ana miaka kumi na miwili. Tangu Jumanne alitolewa kwenye mkeka na mke wa Cosmas akaambiwa akasaidie kuosha masufuria na kugawa chai pamoja na wasichana wa kazi. Ameosha vyombo vya wageni waliokuja kumlilia mama yake. Jana mchana Gaudiosa alimkuta nyuma ya banda la mbuzi, mikono imetota, akamuuliza mbona yuko huku. Mtoto akamwamkia kwanza, kama alivyofundishwa, halafu akauliza, "Mama mdogo, kesho wakiita watoto wa marehemu, mimi nisimame na akina nani?"

Hapo ndipo Gaudiosa alipoingia kwenye kikao cha familia bila kuitwa. Cosmas alikuwa anagawa kazi za leo, na shada la watoto alikuwa amempangia mwanawe mwenyewe. Alimwambia Gaudiosa mtoto wa kupewa hawezi kuitwa mwana kaburini, ni mwiko, ukoo utachekwa. Gaudiosa alimgeukia Pastory, aliyekuwa ameketi pembeni na fimbo yake baada ya kusafiri na malori kutwa nzima, akamwomba amwambie kila mtu mtoto huyu ni wa nani. Pastory alisimama. "Mimi ni baba yake," alisema. "Celestina alimzaa, akatutoka. Mama aliyemlea akamnyonyesha ni huyu mnayemzika. Nikidai yeye si mama, Celestina atanidai mimi." Cosmas akasema ratiba imeshachapwa.

Imeshachapwa. Panya jike alihitaji kama wiki moja tu kumkubali mtoto asiye wake. Shemeji yetu amepewa miaka kumi na miwili.

Bibiana Lukasi ameacha mdogo wake wa kiume Gabrieli, wa Mabwerebwere. Mdogo wake wa kike Gaudiosa, anayesoma hapa. Pastory, baba wa mtoto wake. Beda na wenzake wote wa shamba waliofika kwa miguu. Mbuzi kumi na mmoja, mmoja wao anatarajia kuzaa wiki hii. Na shemeji mmoja. Ameacha pia mtoto. Anaitwa Salome Ditram, ni mmoja, na ndiye wa kwanza katika orodha hii ingawa ametajwa mwisho ili kila mtu awe ameshanyamaza.

Mwongoza ratiba atakapotamka neno "watoto", hatasogea mtoto wa mwingine. Salome, mwanangu, weka chini hiyo sinia ya vikombe. Futa mikono, njoo huku mbele uchukue shada la mama yako, na udongo wa kwanza uutie wewe, ili Bibiana alale kwa amani akiwa amefunikwa na wa kwake.